Redio Yenye Sauti ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Dada anataka kuuza. Kasema hivyo hivyo, kavu, huku anakunja waya wa chaja — tuiuze studio kwa kampuni kubwa. Studio! Chumba cha cherehani cha Mama, kompyuta mbili, feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Lakini ni yetu. Gemu letu limezaliwa humu: mchezaji anatengeneza redio mbovu, na kila redio ikipona inamgombeza kwa sauti ya Mama. Watu wanalipendea hiyo sauti. Nikamwambia Dada, ng'o! Akasema nitakuja kuelewa. Sitaki kuelewa.

Jumatano, 5 Machi

Hatusemeshani. Tunapishana mlangoni kama wapangaji. Mama katukazia macho mezani, kisha akachukua simu yake, akafungua gemu, akaunga nyaya za redio ya jikoni iliyomo humo — vidole vya fundi cherehani, vyepesi hivyo! Sauti yake ya zamani ikatoka: "Kula kwanza, maneno baadaye!"

Tukala.

Tangu apasuliwe koo mwaka jana hawezi hata kunong'ona. Tulimrekodi kabla ya hapo, kwa mzaha tu, maana hatukuwa na mwigizaji. Sasa ndivyo anavyotugombeza. Niliwahi kumwekea sauti zote kando kwenye simu, bila gemu, abonyeze tu. Akazifuta. Anataka redio zake.

Na hizo ndizo Dada anataka kuwapa watu baki.

Ijumaa, 7 Machi

Leo kapiga simu ya video mtu wa kampuni kubwa. Nimembatiza Bwana Meno, anatabasamu hata akitaja kodi. Eti wanalipenda gemu kama lilivyo. Eti watabadilisha vitu vichache tu. Sauti, kwa mfano — wana mwigizaji maarufu. Nikamuuliza, mnanunua mnachokipenda ili mkibadilishe? Akacheka. Dada akanikanyaga mguu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya kazi kwa hasira siku nzima. Redio mpya mbili. Zote ovyo.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa! Simu za watu zimejiapdeti, zimejiwekea mfumo mpya, gemu halifunguki. Dada kaanza kujibu malalamiko tangu asubuhi, moja moja, kwa adabu — pole sana, tunalishughulikia. Mmoja kamtukana, naye akamshukuru. Chai ikapoa, akainywa hivyo hivyo.

Alipokwenda kuoga nikakaa kwenye kiti chake nimsaidie. Loo! Huyu simu yake ina kioo kirefu, yule kioo chake kinakunjwa, mwingine anataka arudishiwe hela. Mtu wa kodi naye yumo. Duka la programu linatishia kuliondoa gemu. Wa kwanza nilimjibu vizuri. Wa pili nikamtukana.

Dada kamwomba radhi kwa niaba yangu. Hakunifokea, bora angefoka. "Mdogo wangu, wewe unatengeneza redio. Mimi nimegeuka dawati la malalamiko. Sijachora kitu sijui tangu lini."

Na yeye ndiye mchoraji! Kila redio iliyomo kaichora yeye. Mimi nilidhani ni tamaa ya pesa, kumbe maji yamezidi unga. Bado nimekasirika, ila sijui na nani.

Alhamisi, 13 Machi

Simu ya Mama nayo imejiapdeti. Kaja nayo mkononi, kioo cheusi, akaninyooshea. Mchana kutwa nahangaika. Nikilitibu gemu huku, linaugua kule. Mama kakaa pembeni, kimya — na safari hii kimya kweli.

Kampuni ina watu chungu nzima wa kazi hiyo tu. Heri nusu shari kuliko shari kamili, kasema Dada. Nikasema sawa, ila sauti ya Mama isiguswe. Ikiguswa, sahihi yangu hawaipati. Tukapeana mikono kama watu wasiojuana. Inaniuma.

Mama tumempa simu kuukuu ya Dada, isiyopokea apdeti tena. Gemu linafunguka! Neno lake la kwanza kwangu: "Fundi gani wewe, huna subira?"

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapa hapa mezani, daftari mapajani. Bwana Meno yuko kwenye kompyuta. Kakubali! Sauti inabaki, imo kwenye mkataba. Nilisubiri aongeze "kwa sasa". Hakuongeza. Nimekosa hata pa kugombania.

Kisha, eti kuna kitu kidogo tu. Mwenye sauti atoe idhini, wamrekodi — kwamba anakubali sauti yake iwe mali ya kampuni. Mama aseme tu, ndiyo au hapana.

Dada kanitazama. Nikamtazama. Hakuna aliyemwambia kuwa Mama hawezi kusema.

Mama kachukua simu. Kaunga nyaya, haraka haraka. "Kabla hujagusa kitu changu, umenawa mikono?" Bwana Meno kafurahi, meno yote nje. Sauti yenyewe hiyo! Haya Mama, ndiyo au hapana?

Mama anafungua redio nyingine. Anaifunga. Nyingine tena. Dada kainamisha kichwa. Anajua kama ninavyojua — tulimrekodi akigombeza, akicheka, hata akipiga chafya. Neno "ndiyo" hatukumrekodi. Wala "hapana".

Sasa kaiweka simu mezani. Anatutazama, mimi na Dada. Kichwa angeweza kutikisa, kukubali au kukataa. Hatikisi.

Bwana Meno anauliza kama mtandao umekatika.