Samaki wa Haifa

Dada Mwanaisha, shikamoo.

Haifa ni mji mzuri, nyumba nyeupe zimepanda mlima na bahari iko chini yake. Jana tulipewa ruhusa ya kutoka kambini, mimi na mwenzangu Hamisi wa Pande, tukaingia mkahawa wa ufukweni. Mzee mwenye mkahawa akatuletea samaki wa kuchoma na ndimu. Kabla hatujamega, ofisa wetu Mzungu akaingia, akamwambia mzee: "Hawa weusi watoke." Sisi tunaowachimbia Wazungu mahandaki ya vita vyao! Mzee, kwa haya, akatufungia samaki kwenye karatasi. Hamisi wake alimtupia paka. Mimi wangu nilimla njiani huku nikilia. Alikuwa mtamu, Dada, na utamu ule ndio unaoniuma.

Mungu amweke Mama. Wakumbatie wanangu.

Nduguyo, Salumu