Kuhusu Akuwam na Bomba la Shule

Nyumbani kwa Atiir,
Nakwamekwi, Lodwar.
14 Desemba 2012

Mpendwa mwanangu Atabo,

Ejok? Hujambo wewe, na mume wako Wasike hajambo? Shadrack ameacha kukohoa? Tulipozungumza kwenye simu nilimsikia akikohoa nyuma yako, na tangu hapo simsahau katika sala. Baridi ya Naivasha si ya mtoto mwenye damu ya kwetu Kaaleng. Mvalishe soksi hata akikataa.

Huku tumepata mvua kidogo na mbuzi wameanza kunenepa. Shangazi yako Atiir hajambo, ila ananigombeza mchana kutwa, mara nimeacha uji, mara nimetoka juani. Binti yako Akuwam yuko nasi kwa likizo. Amerefuka, utashangaa. Jana alisimama kando ya shangazi yako wakapimana mabega, na Atiir akadai mtoto amekanyaga jiwe.

Mimi, mwanangu, siwezi kuandika kwamba sijambo. Miguu imevimba na pumzi ni fupi. Daktari ni kijana mpole. Alipomaliza kunipima alivuta kiti akakaa karibu nami, nikajua kabla hajafungua mdomo. Mwenye habari njema huzisema akiwa amesimama. Usilie. Nimekula chumvi ya kutosha, na siogopi. Kuna neno moja tu ambalo sitaki kuondoka nalo, na nimeamua kuliandika kwa sababu kwenye simu ungenihurumia, nami ningelinyamazia tena.

Mwezi wa nane uliniuliza kama ule mpango wa kuzuia watoto kuonewa katika shule yao ya bweni Kakuma unafanya kazi, au umhamishie Akuwam huko kwenu. Nilikujibu kwamba unafanya kazi vizuri, umwache. Ulinisadiki kwa kuwa nilikuwa mwalimu maisha yangu yote, na kwa kuwa ni baba yako mdogo. Atabo, sikukuambia kweli.

Mpango ulianza mwaka huu muhula wa kwanza. Shirika moja la misaada lilileta mabango na fulana, watoto wakaimba, tukapiga makofi. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Mwalimu Opondo, aliyepewa kazi ya kuusimamia, alikuja kuniuliza tufanye nini mtoto mmoja akimwonea mwenzake. Nikamjibu kwa majivuno kwamba sisi Waturkana tunajua kupatanisha watu tangu zamani. Wakalishwe wawili, wale bakuli moja, na wakishakula lile neno lisitajwe tena. Opondo alifurahi. Watu wa shirika wakaandika, wakasema ni hekima ya wenyeji. Nilirudi nyumbani nimejaa sifa kama ng'ombe aliyekunywa maji ya mvua.

Huenda Akuwam hakukueleza jinsi alivyochekwa kwa sababu ya pengo lake, yale meno mawili ya chini ambayo bibi yake alimng'oa kule Kaaleng kwa desturi yetu. Msichana wa darasa la nane aitwaye Nawoi, mzaliwa wa mjini mwenye meno yote, alimpa jina la Lango la Mbuzi. Wakakalishwa, wakala maharagwe bakuli moja, wakashikana mikono. Mwalimu Opondo akahesabu kwamba hilo limekwisha, nami pia.

Mwezi wa saba nilikwenda shuleni mapema kwa ajili ya mkutano wa kamati, nikapitia bombani. Unajua maji ya Kakuma yalivyo, yanakuja asubuhi na yanakwenda yanapotaka. Akuwam alikuwa wa mwisho katika foleni, na mbele yake kulikuwa na mitungi ya wasichana wakubwa, ambayo yote ilikuwa yake kuijaza. Nikamsikia Nawoi:

"We Lango la Mbuzi, funga mdomo, mbuzi watatoka!"

Wote wakacheka. Mvulana mmoja kutoka Sudan Kusini, Riek, ambaye naye kwao humng'oa mtoto meno ya chini, akafungua kinywa chake wazi. "Basi na wangu watoke, wakachunge pamoja!" Akuwam akatabasamu kidogo, lakini mikono yake iliendelea kuchota. Halafu kengele ikalia, naye akaingia darasani amechelewa, akaadhibiwa kwa kuchelewa.

Nilimwita pembeni. "Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Babu, nilikula naye. Wewe ndiye ulisema mkishakula neno limekwisha."

Hapo, mwanangu, niliona kosa langu. Bakuli moja ni la watu waliopigana, kila mmoja akiwa na fimbo yake. Mtoto huyu hakuwa na fimbo. Hakuwa na ugomvi wa kumaliza. Alikuwa na mzigo, nami niliufunga mdomo wake juu ya mzigo huo kwa desturi anayoiheshimu kuliko hata wale waliomfunza.

Nilimwendea Opondo nikamwambia tuache bakuli. Akanitazama. "Mzee, si ulisema ndiyo dawa?" Nikamwambia nilisema, na nilikosea. Tangu siku ile nikawa naamka na kwenda kukaa bombani juu ya ekicholong yangu, kile kigoda cha kukalia na kulazia kichwa. Sikufundisha kitu. Niliketi tu, nikasema wadogo wachote kwanza. Ikawa hivyo. Nawoi alikuja akasimama kando yangu siku moja, amenuna. "Mzee, hata mimi niliwachotea wakubwa. Sasa zamu yangu imefika, wewe unaifunga." Nilimwambia nasikitika kwamba wakati wake hapakuwa na mtu wa kukaa hapa. Aligeuza uso, akajaza mtungi wake mwenyewe. Si msichana mbaya.

Lakini siku ambazo miguu ilinishinda nikabaki kitandani, Akuwam alichelewa darasani tena. Kwa hiyo uliponiuliza, jibu la kweli lilikuwa hili: nyimbo na mabango havikuzuia kitu, bakuli langu lilidhuru, na kilichosaidia ni mtu mzima kuwapo pale mahali penyewe, saa ile yenyewe. Nami nilikuwa mtu mzima mgonjwa.

Kwa nini nilikuficha? Naona haya kuandika. Si kwa ajili ya sifa peke yake. Kila Jumamosi Akuwam alikuwa akija nyumbani kwangu Kakuma, ananisomea gazeti, anakata kucha zangu, ananisimulia vituko vya Riek. Nilijua ukimchukua sitamwona tena. Nikapima upweke wangu na machozi yake, nikachagua kuuondoa upweke wangu. Nisamehe, mwanangu. Yeye nimemwomba radhi juzi, akanipangusa uso kwa kanga ya Atiir kama vile mimi ndiye mtoto.

Nimemwuliza anataka nini mwakani, atakapoingia darasa la saba. Anaipenda shule, ana marafiki, hataki kuanza upya kwa watu asiowajua. Kisha akauliza: "Lakini Babu, usipopona, nani atakaa bombani?" Nawoi amemaliza darasa la nane, lakini bomba lipo, na wa kurithi zamu wapo. Opondo ameahidi kwamba walimu watapokezana. Ni mtu mwema. Ila mimi nimetoa ahadi nyingi za watu wema kwako, na sitaki uamue kwa neno langu tena.

Omba ruhusa kazini, uje Januari shule zikifunguliwa. Usipitie ofisini kwanza. Nenda bombani asubuhi, usimame mbali kidogo, uangalie. Ukimkuta mwalimu hapo na wadogo wakichota kwanza, mwache mtoto asome. Ukikuta hakuna mtu, mchukue siku hiyo hiyo mpande gari. Usishuke Lodwar kuniuliza, wala usihofu kwamba mnaniacha peke yangu. Nitafurahi nikisikia mmefika Kitale.

Msalimie Wasike, umwambie namshukuru kwa kukutunza. Mbusu Shadrack. Atiir anakusalimu sana, na Lomorukai wa Lokitaung alipita hapa akasema nisisahau kukupa salamu zake. Akuj, Mungu wetu, awafunike nyumba nzima, na njia yenu iwe na maji.

Ni mimi baba yako mdogo, mwenye kukupenda hata pale nilipokosa,

Epuyo