Kwa Baba, Uliyewafundisha Walezi Kuweka Mikono Nyuma

Ni mwaka mmoja leo, Baba, tangu ulipoitundika ovaroli yako nyuma ya mlango, ukalala, usiamke. Bado iko pale pale. Mama hataki iguswe.

Kwenye karakana ya mita za maji walikuita Mikono Nyuma. Kwa miaka kumi na mmoja kila fundi mpya ulimpa mlezi, fundi wa zamani wa kumwongoza mwaka mzima, na sharti lilikuwa moja: mpya akifungua mita, mlezi asimame mikono nyuma, asiguse hata spana. "Mlezi asiyeweza kunyamaza ni redio," ulikuwa ukiwaambia. Walicheka, lakini walinyamaza. Miaka yote hiyo wapya walioacha kazi ni wawili tu.

Uliwatazama mafundi wiki nzima wakinywa chai, ukajua nani akae na nani. Ulijuaje? Binti yako wa pili, karani aliyekuchapia orodha ya majina kila Januari, alikuuliza mara nyingi.

"Nitakuonyesha, mwanangu. Haraka ya nini?"

Siri hiyo ukaondoka nayo.

Ulipotutoka, bosi alimwita yeye apange walezi mahali pako. Alikaa nao kwenye chai wiki mbili, macho kodo, asione zaidi ya watu wanaokunywa chai. Mwishowe alipanga majina kwa alfabeti. Mwoga akaangukia kwa mzee mkali, mpiga domo akapata mpiga domo mwenzake. Walezi wakaanza kupokonya spana. Kufikia Juni, wapya saba kati ya tisa walikuwa wamekwenda zao, na wiki iliyopita mpango wako ulifutwa. Tangazo alilichapa yeye mwenyewe. Anasema amekuzika mara ya pili. Tunamkatalia, ila kusema kweli, Baba, wewe pia tuna hasira nawe.

Bomba la jikoni linavuja. Hilo nalo uliahidi kutuonyesha. Juzi tulisimama wote mbele yake, mikono nyuma, kila mmoja akimngoja mwenzake ashike spana. Hakuna aliyeshika. Tuliweka ndoo.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako mkubwa, karani wako, kitinda mimba wako, mdogo wako fundi viatu, na wale wapya wawili waliobaki.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Ndoo tunaimwaga kila asubuhi.