Usitume udongo tena

Husby, Stockholm

Mama, shikamoo.

Nakuamkia mara ya pili, shikamoo, maana ile ya kwanza najua imekukuta umeinama unapanga meza yako sokoni na hukuisikia vizuri. Goti linasemaje? Na fundi wa paa amerudi, au bado anakupiga chenga? Mimi mzima, uso ni uleule mzuri uliouzaa, ila baridi imeubabua kidogo. Kaka Rashidi naye mzima, kitambi kinazidi. Usimwambie nimesema, nitalala nje.

Kaka alinikataza kukuandikia haya. Lakini ukipiga simu unanikatiza kabla sijafika katikati, na safari hii nataka ufike nami mpaka mwisho.

Ule udongo wako wa kula uliompa Kaka alipokuja likizo, vile vijiti vyekundu vya wajawazito, huku unapendwa kuliko nyama. Akina dada wa Kenya, wa Kongo, wa Burundi, wote wakibeba mimba hamu ni ileile, na hawajui pa kuupata. Nikawa mtu maarufu Husby, usicheke. Niligawa bure, na kwa adabu ya mezani kwako: huulizi, huangalii tumbo, kifurushi kinapita kiganja kwa kiganja huku mnaulizana habari za nyumbani, kwa sababu mimba changa haisemwi njiani.

Sasa pale kwenye uwanja wa maduka, ukitoka kwenye treni ya chini ya ardhi, halmashauri yao, wanaiita kommun, imeweka kamera juu ya nguzo. Walinzi wa halmashauri wamekaa mahali wanatazama. Hebu nitazame na wewe kutoka kule juu. Kijana mweusi, jaketi limemkaa kuliko wote waliopo, hilo lazima niseme. Mwanamke anakuja, mikono inashikana, kitu kidogo kinaingia mfukoni, wanaachana haraka. Baadaye mwingine. Adabu yako yote, Mama, ukiiangalia toka juu ni muuza madawa ya kulevya.

Walinishika mchana kweupe, watu wanapita. Mlinzi mmoja akafungua kifurushi akanusa.

"Nini hii?"

"Udongo."

"Unauza udongo?"

"Siuzi. Na wewe sikupi, unanusa vibaya."

Unanijua. Polisi wakaja, wakachukua, wakaenda kupima. Jibu likarudi kwamba ni udongo. Nikatamba mtaa mzima kwamba maabara ya Uswidi imepelekewa bidhaa ya mama yangu na imekiri.

Kumbe picha ilikuwa inatembea. Msimamizi wangu kule Kista, kwenye maofisi ninayosafisha, akaniita akanionyesha simu yake. Nilikuwa mimi, pale uwanjani, mkono kwa mkono na mtu. Nikamweleza. Akasema, "Mimi nakuamini, Sudi. Wenye ofisi ndio hawataki." Kadi yangu ya kufungulia milango akaitia mfukoni mwake. Bila kadi siingii kazini, na bila kazi, Mama, kibali changu cha kukaa hapa kinaanguka.

Kaka akaniambia halmashauri ina kamati inayosimamia hizo kamera, inakutana na wananchi, niende nikaulize nani alitoa picha. Nikaenda, nimevaa koti lake, nimependeza kuliko madiwani. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akasema picha za kamera haziendi popote ila polisi.

"Kwa hiyo bosi wangu ni polisi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nikauliza siku ile nani alikuwa anatazama. Wakasema hawaweki kumbukumbu ya anayetazama. Basi waitoe video yote tuione wote hapa. Imeshafutwa, akasema, ili kulinda faragha yangu.

Nilikuwa na kijiti kimoja cha mwisho. Nikakitoa, nikakitafuna mbele yao mpaka kikaisha. Diwani mmoja kijana akaiacha kahawa yake. Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Yupo hata mmoja wa wale wanawake anayeweza kusema ulimpa nini? Akisema, sisi tutawaandikia wenye ofisi."

Alikuwepo, Mama. Jirani yetu, Mrundi, jina lake silitaji hata kwako. Mimba mbili zimemtoka, na hii ya tatu hajamwambia mtu, hasa mama mkwe wake, ambaye anaishi naye na anahesabu kila tumbo. Mama mkwe alikuwa amekaa ubavuni mwake palepale. Nikamwona yule dada anashika kiti cha mbele yake ili asimame. Nikawahi.

"Hayupo," nikasema.

Mwenyekiti akanishukuru, akasema wamelisikia, akaita jambo linalofuata. Lilikuwa la mahali pa kuegesha baiskeli.

Basi ndiyo hali. Natafuta kazi nyingine, lakini ile picha inafika kabla yangu. Nisipopata kabla barafu haijayeyuka, utaniona mlangoni, na hapo utanipikia bila kuniuliza.

Nisalimie bibi, mwambie bado sijaoa na asitafute mtu. Msalimie mdogo wangu anayekusaidia mezani, aache kuvaa viatu vyangu. Na mama jirani anayetuuzia maji, asisikie haya.

Juzi nimekutana na yule dada uwanjani. Siku hizi pale tunasalimiana kwa mbali, viganja wazi, vimeinuliwa kidogo, ili kule juu waone hatuna kitu. Akaniinulia vyake. Akauliza polepole, bila kunitazama, kama udongo umebaki hata kipande. Nikamwambia umekwisha. Cha mwisho nilikila mimi, mbele ya kamati.

Usitume tena, Mama.

Mwanao mzuri kuliko wote uliowazaa,
Sudi