Nani hasa aliyefaulu kozi ya madereva

Ijumaa, Lubumbashi. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua inakataa kunyesha.

Shajara, leo nakiri. Kwa miezi mingi nimejisifu kwa kazi ambayo sikuifanya.

Mimi ndiye niliyewashawishi wakubwa wanunue kozi ya usalama ya kwenye simu kwa madereva wetu wa malori. Leo mkurugenzi anataka ripoti: fedha tulizotoa zimerudisha nini? Akiona faida, ataipeleka kozi kwenye matawi yote na kufunga dirisha la Mama Odette, anayegawa karatasi za safari. Simu itatoa karatasi hizo badala yake.

Nilikuwa na jibu zuri. Madereva wote wana vyeti, na ajali za hapa zimepungua kweli.

Kasoro ilikuwa tawi letu la Sakania. Kozi ileile, vyeti vilevile, lakini malori yao yanagonga kama zamani. Nikafungua orodha ya mitihani ya hapa kwetu. Wote waliifanya alfajiri, mmoja baada ya mwingine, kwenye simu moja.

Simu ya Mama Odette.

Nilishuka kwenye uwanja wa malori nimefura kwa hasira. Nikamkuta dirishani, anamsomea dereva swali la breki kwa Kiswahili, karatasi ya safari ameishika mkononi. Dereva akakosea. Odette akamrudisha nyuma ya mstari. Bila jibu, hakuna safari. Mitihani iliisha zamani, yeye bado anawauliza kila asubuhi, na wanaume wenye mvi wanarudi nyuma wakinung'unika kidogo tu.

Nilimuuliza kwa nini alinificha.

"Mama Solange, ile kozi iko mu Kifaransa ya nguvu. Bale bapapa ba malori beko banajua barabara, habajue ile Kifaransa. Njo miye nilikuwa nabasomea, beko banajibu, miye nafinya jibu mu simu. Ningekuambia, ungenikatalia, ao hapana?"

Ningemkatalia. Naona aibu.

Nikampigia karani wa Sakania. Akacheka: yeye alijibu mitihani yote peke yake, hakumuuliza dereva hata mmoja.

Nikinyamaza, kozi inapata sifa na Odette anapoteza kazi. Nikisema, wataita udanganyifu, na atafukuzwa vilevile. Pengine na mimi. Nilikaa mbele ya kompyuta nikiandika na kufuta. Niliogopa, sitaficha. Nina watoto wawili shuleni.

Mwishowe nilirudi dirishani, nikamweleza yote, nikamuuliza kama nitaje jina lake.

"Andika. Lakini andika yote, na Sakania. Usiniache miye peke yangu mu ile karatasi."

Nimeandika. Kozi peke yake haikurudisha kitu. Kilicholeta faida ni mwanamke wa dirishani. Chini yake nimeongeza kwamba vyeti vyote nilivithibitisha mimi, bila kuzungumza na dereva yeyote. Nikaweka saini, nikatuma.

Sasa ni saa tisa. Mkurugenzi ametuita wote wawili, na sauti yake kwenye simu haikuwa nzuri. Odette amefunga dirisha, ufunguo ameufunga kwenye pindo la kikwembe chake. Hakumwachia mtu.

Nimejiapiza: mule ndani, nitakuwa wa kwanza kusema.