Mlevi wa Mlangoni

9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, isipokuwa goti linalonikumbusha umri kila nikikanyaga cherehani. Wewe je, kifua kimeacha kukusumbua?

Nimemkabidhi dereva wa basi kile kitu cha Baba ulichoking'ang'ania. Nimekifunga kwa mabaki ya vitambaa, kwa hiyo usishangae kumkuta Mlevi amevaa maua. Unasema mthamini atatuambia ni nini na ni cha bei gani. Sawa. Ninachojua mimi ni kwamba Baba alikuja nacho siku alipoacha kazi ya mashine za meli, akakifunga kwa skrubu kando ya fremu ya mlango wa sebule. Baada ya muda mshale wake ukaanza kuegemea upande, ndipo tukakipa jina hilo. Baba akawa anafungua skrubu, anazungusha ubao wake kidogo mpaka mshale usimame katikati, anafunga tena. Mwaka ukipita, unaegemea tena. "Kimezeeka kama mimi," alikuwa akisema.

Simu zako sipokei kwa sababu kwenye simu tunagombana. Kwenye barua angalau mtu anamaliza sentensi. Na sijasahau uliyoyasema siku ya maziko, kwamba nyumba iuzwe. Usianze na Mlevi ukamalizia na nyumba.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Shikamoo. Kifua kimetulia, nashukuru. Pole kwa goti. Mpe mwanafunzi mmoja akukanyagie.

Nimempeleka Mlevi kwa mthamini, mama mmoja mwenye duka nyuma ya benki. Alimvua maua yake, akacheka, akasema ni kipimo cha kuinama kwa meli. Hufungwa ukutani, meli ikilala upande, mshale unabaki wima kama timazi ya fundi mwashi, na namba zinaonyesha meli imelala kiasi gani. Vilitengenezwa vingi. Bei yake ni ya redio nzuri, na chetu kimeshushwa bei na matundu ya skrubu.

Hapo akageuza ubao. Matundu yamepangana nyuma kama upinde, yote yakihamia upande mmoja. Akakisimamisha juu ya meza aliyoipima kwa pimamaji, na mshale ukasimama katikati, umetulia. Akaniuliza kilikuwa kimefungwa kwenye nini, nikamwambia ni kwenye nyumba.

"Basi kipimo ni kizima," akasema. "Nyumba yenu ndiyo inayolala."

Dada, Baba aliijenga ile nyumba kwa mikono yake, asingeweza kuishuku, akakishuku chombo. Upande unaozama ni wa chumba chako cha kushonea. Wale wasichana unaowafundisha wanakaa wameegemea ukuta huohuo. Wahamishe, tafadhali, na wewe uhame.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima, na nyumba nzima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kucheka. Mlango ulifungwa, sasa umepitia dirishani. Juzi nyumba iuzwe, leo nyumba inalala, kesho utaniambia inakoroma. Baba alikaa humu mpaka anakata roho na hakuna tofali lililomwangukia. Ufa upo, nyumba gani haina ufa? Nimeupaka chokaa. Na usiniletee ile methali ya ufa na ukuta, naijua tangu sijajua kuvaa viatu.

Nina wasichana saba wanaotaka kujua kushona kola, na sina chumba kingine. Uza Mlevi wako, ule, unenepe.

Dada yako


22 Machi

Dada,

Shikamoo. Leo sina maneno mengi.

Sikumuuza. Nimemrudisha kwa dereva yuleyule. Usiniamini mimi. Nenda kwa jirani mwenye duka la vyombo, bandika ubavu wa ubao kwenye fremu ya mlango wake, utazame mshale. Kisha fanya hivyohivyo nyumbani.

Ndani ya boksi kuna karatasi. Nimeandika kwamba nyumba ni yako peke yako, na mashahidi wawili wametia sahihi. Ikiwa imesimama ni yako, ikiwa inalala ni yako. Sina cha kupata tena hapo, ila nina dada mmoja tu.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Najua umengoja. Boksi lilikaa chini ya meza wiki nzima kwa sababu ya kiburi changu, sina jina lingine la kukipa.

Nilipolifungua nilikutana na karatasi kwanza. Nililia, tena mbele ya wanafunzi. Halafu nikaenda kwa jirani, mshale ukasimama wima. Nikaja mlangoni kwetu, ukaenda zake upande kama mtu aliyechoka kubishana. Siku hiyohiyo tulihamishia vyerehani kwenye baraza la jirani. Fundi mwashi alichimba akakuta bomba limevuja chini ya msingi miaka na miaka, udongo wote umekwenda na maji. Akasema atakuja kuubomoa ukuta Jumatano.

Haukumngoja. Jumanne asubuhi, mvua ikinyesha, tukasikia kishindo. Sikukimbilia nyumba. Niliwahesabu wasichana. Wote saba walikuwepo, wengine wana sindano mdomoni. Nikawahesabu tena. Sikuweza kuacha kuwahesabu mpaka mmoja akanishika mkono.

Nisamehe, mdogo wangu.

Karatasi yako nimeichana. Nyumba ni yetu wawili, nusu kwa nusu, na mgawo nimeshaufanya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nusu yangu ni iliyosimama. Yako ni iliyoanguka. Njoo ujenge.

Dada yako