Injini Iliyofufuka Gereji

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Lile gari la marehemu baba, lile refu la viti vya ngozi, si lilikuwa linavuja oili mbele? Leo fundi kanipigia: "Dada, sili ya krenki inayovujisha oili siyo shida tena. Injini yenyewe imekufa. Uza tu kama chuma chakavu."

Nikamwambia kaka, maana ndiye aliyelipeleka gereji, naye hata hakushtuka. "Mnunuzi ninaye."

Ninaye! Tangu lini?

Hapo nikanusa kitu. Nikaenda gereji bila kumwambia mtu.

Nakuta gari linanguruma taratibu kama paka! Sili kuukuu iko sakafuni, imepasuka. Nikainama kuchungulia, mbele ya injini pakavu, hakuna hata tone.

Na nani yuko kwenye usukani? Kaka! Kaka yangu wa tumbo moja!

Nikamuuliza, "Si mlisema injini imekufa?"

Akasema, "Imefufuka."

Imefufuka, shoga! Fundi akajidai anatafuta spana.

Nikamwambia, "Shuka." Akashuka, hakunitazama.

Nimeliendesha moja kwa moja mpaka kwa mama, nikamkabidhi funguo. Kafurahi mpaka kalipapasa boneti. Akaniuliza, "Mbona kaka yako hakulileta mwenyewe?"

Shoga, nimjibu nini?